Kabla hamjanunua tatani: niliyosema siku ya michezo kuhusu shule ya Iten

Watu kadhaa wameniomba niandike yale niliyosema Jumamosi pale shuleni, manake waliokaa nyuma wanasema spika ilikuwa inakatakata na wengine walifika nikiwa nimeshamaliza, kwa hivyo haya ndiyo maneno yenyewe, nimeongeza tu vitu viwili vitatu nilivyosahau kwa sababu ya jua.

Tumsifu Yesu Kristo.

Asanteni. Fadha prinsipo, masista, watu wa bodi, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokaa hapo kwenye nyasi mnaangalia ile hema ya chakula badala ya kuniangalia mimi, nawaelewa kabisa, hata mimi harufu ya pilau imenifikia.

Kwenye karatasi yenu ya ratiba imeandikwa nitaongea juu ya shule za Kikatoliki na riadha. Lakini Fadha aliponipigia simu hakusema hivyo bana, alisema, mwalimu, njoo utuambie tufanye nini ili tuwe kama Iten, ile shule iliyotoa mabingwa wa mbio. Halafu akaniambia kuna harambee inakuja, mnataka kuchimba huu uwanja wote muweke treki ya tatani, ile nyekundu kabisa ya kisasa, ya kama mpira, na leo asubuhi nimeona mchoro wake umebandikwa pale ofisini, mzuri kweli. Sasa mimi nimestaafu, sina wa kunifuta kazi, kwa hivyo nitasema ninachofikiria na pesa ni zenu mtaamua wenyewe.

Tuanze na Iten. Ukitoka Eldoret unapanda kama kilomita thelathini na kitu, mashamba ya mahindi huku na huku, baridi inaongezeka, unapita chini ya lile lango linalosema hapa ni nyumbani kwa mabingwa, na ukienda mbele kidogo tu nchi inaisha, yaani inaisha, unasimama kwenye ukingo na bonde lote la Kerio liko chini ya miguu yako. Mji uko kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mara ya kwanza kwenda nililala lojingi ya ghorofa mbili, na kupanda zile ngazi nilihema kama nimebeba gunia, na wakati huo nilikuwa bado kijana eti mwalimu wa michezo.

St. Patrick's iko hapo hapo mjini. Shule ya wavulana, ya bweni, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mabruda wa Patrician kutoka Ireland. Na niseme mapema, si shule ya kibinafsi kama yenu, ile ni ya umma na kanisa ni mdhamini, lakini misingi ni ya wale mabruda na mtu akiitaja Iten kwa habari za shule ni hiyo anaitaja. Naona vijana wengine hapa wanadhani kila Mzungu wa kanisa ni padri. Bruda si padri jamani. Bruda ameweka nadhiri, anaishi na wenzake, hasomi misa, kazi ya hawa ilikuwa ni darasa. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1808 na askofu mmoja anaitwa Daniel Delany, mji wa Tullow, na walienda mpaka India na Australia kufungua shule. Kwa hivyo walipofika huku kwetu hawakuja kutafuta wakimbiaji. Walikuja na chaki.

Na tusidanganyane kwamba kabla ya bruda nitakayemtaja watu wa huko walikuwa wamekaa tu. Kuna mtu anaitwa Mike Boit, alisoma hapo St. Patrick's, mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich akachukua shaba ya mita 800. Mike Boit baadaye akasoma mpaka akawa profesa, akafundisha chuo kikuu cha Kenyatta. Ninamtaja kwanza kwa makusudi, wazazi mnisikie, huyu ndiye wa kwanza kwenye orodha na ni profesa.

Sasa tufike 1976. Huo mwaka mimi naupenda sana kwa hadithi hii, ingawa kwa wanariadha wetu ulikuwa mwaka mchungu. Olimpiki ilikuwa Montreal. Nchi za Afrika zikagoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imeenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, Kenya ikatoka, Tanzania ikatoka na Filbert Bayi wao aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, Mike Boit naye akabaki bila mbio wakati yuko kwenye ubora wake. Wakati huo huo pale Iten kulikuwa na mwalimu Mwingereza anafundisha riadha, anaitwa Peter Foster. Na huyo Peter ni ndugu wa Brendan Foster, ambaye alichukua shaba ya mita 10,000 kule kule Montreal ambako sisi hatukwenda! Mimi nikisoma hiyo nilicheka peke yangu.

Basi mwaka huo huo wa 1976 akaingia bruda mmoja kijana kutoka kaunti ya Cork kule Ireland, Colm O'Connell. Amekuja kufundisha jiografia. Hakuwa mkimbiaji, hakuwa kocha, hakuwa na cheti chochote cha riadha. Alikuja akidhani atakaa muda mfupi tu. Peter Foster alipoondoka mtu alihitajika wa kusimama na wale vijana jioni, na bruda akasimama.

Mimi pia nilikuwa mwalimu wa jiografia, kwa hivyo naijua hiyo hali. Unaajiriwa kufundisha mito na milima halafu siku ya tatu prinsipo anakuambia wewe ni kijana, chukua mpira na filimbi. Asilimia kubwa ya walimu wa michezo Kenya hii tumeanza hivyo na wengi tunaishia kupiga filimbi tu mpaka kustaafu. Tofauti yake ni kwamba kwa vile hakujua kitu, alilazimika kuangalia. Anaangalia kijana anavyokanyaga, anavyobeba mabega, anavyopumua kwenye mlima na kwenye kona. Anawauliza. Kocha aliyekuja anajua kila kitu huwa anaongea, si ndio, na huyu alikuja hajui akawa anatazama.

Na matunda hayakuchelewa sana. Miaka ya themanini wakatoka mapacha, Kipkoech Cheruiyot na Charles Cheruiyot, nyinyi hamuwajui lakini wazee wenu waulizeni. Akatoka Ibrahim Hussein, mwaka 1987 akashinda marathoni ya New York, Mwafrika wa kwanza, na mwaka uliofuata akashinda Boston, tena Mwafrika wa kwanza. Hiyo Boston ya 1988 tafuteni video yake mtazame, mbio za kilomita 42 zimeamuliwa na sekunde 1, saa 2 dakika 8 na sekunde 43 kwa Hussein, na wa pili ana 44, na wa pili ni Mtanzania, Juma Ikangaa. Rafiki zangu wa Arusha mpaka leo wakikumbushwa wanashika kichwa, manake Ikangaa alimaliza wa pili Boston miaka 3 mfululizo, hiyo na mbili zilizofuata. Sijui mtu analala vipi baada ya hapo.

Huo mwaka wa 1988 ulikuwa na mengine. Olimpiki ya Seoul. Kenya ilirudi na dhahabu 4 za riadha na 1 ya ngumi, na mita 1500 ilichukuliwa na kijana wa miaka 21, Peter Rono, mtoto wa St. Patrick's. Hakuna aliyekuwa anamtaja. Walikuwa wanaangalia Waingereza, na yeye akakaa mbele lapu za mwisho wanamsubiri achoke na hakuchoka. Wakati huo Rono alikuwa anasoma Marekani, Mount St. Mary's huko Maryland, chuo cha Kikatoliki pia. Mnaona mnyororo ulivyo? Kutoka kwa mabruda anaenda chuo kingine cha kanisa na ameshika vitabu mkono mmoja. Kina Cheruiyot nao walipitia huko huko.

Halafu Barcelona 1992, Matthew Birir, mbio za kuruka viunzi na maji, dhahabu, na Wakenya wengine wawili nyuma yake wakafagia fedha na shaba. Halafu 1997 Wilson Boit Kipketer bingwa wa dunia mbio hizo hizo. Sitawamaliza, tutalala hapa.

Ila kuna mmoja lazima nikae naye kidogo. Wilson Kipketer, yule mwingine, wa mita 800. Watu huwachanganya hawa wawili hata redioni. Huyu wa 800 naye alisoma hapo. Mwaka 1990 akaenda Denmark kama mwanafunzi wa kubadilishana, akakaa huko, akaanza kuikimbilia Denmark. Wengi hapa Kenya walimlaani, mimi nikiwemo kusema kweli, nilikuwa nazima redio. Akawa bingwa wa dunia 1995, 1997, 1999. Olimpiki ya 1996 hakuikimbia kwa sababu uraia wake ulikuwa haujakamilika, yaani mtu ambaye hakuna duniani wa kumgusa anakaa nyumbani anatazama. Halafu 1997 akaivamia rekodi ya Mwingereza Sebastian Coe iliyokuwa imekaa tangu 1981: Stockholm akaifikia, Zurich akaivunja, Cologne siku 11 baadaye akaivunja tena, dakika 1 sekunde 41.11. Olimpiki haikumpa dhahabu kamwe, Sydney alishindwa kwa sekunde 0.06 na Mjerumani, Athens akapata shaba.

Hiyo 41.11 ilikaa miaka 13. Na nani aliivunja? David Rudisha. Rudisha si mwanafunzi wa St. Patrick's, tusipotoshe, yeye ni Mmaasai wa Kilgoris na akiwa Iten alisoma Kimuron, shule ya jirani. Lakini kocha wake alikuwa nani, huyo huyo bruda wa jiografia. Baba yake Rudisha, Daniel, alikuwa kwenye timu ya kupokezana vijiti iliyochukua fedha Mexico 1968. Kijana alianza na mita 400, bruda ndiye alimsogeza kwenye 800. Agosti 2010 akakimbia 1:41.09 Berlin, wiki moja baadaye 1:41.01 Rieti, na Olimpiki ya London 2012 mnajua, 1:40.91, bila mtu wa kumvuta, aliongoza tangu mwanzo, lapu ya kwanza sekunde 49 na kitu. Watu wote 8 kwenye fainali ile walikimbia vizuri ajabu, yule wa mwisho kabisa, wa nane, muda wake ungempa dhahabu kwenye Olimpiki 3 zilizotangulia.

Sasa hesabuni wenyewe. Kuanzia 1997 kwa zaidi ya miaka 25 rekodi ya dunia ya mita 800 imekuwa mikononi mwa watu wawili tu, na wote wawili wamepita kwa bruda mmoja aliyekuja kufundisha ramani. Wazazi, huyo mtu hakupatikana kwa harambee.

Najua mtaniambia ni ile hewa. Kila mtu husema hewa. Haya, hewa ni kweli, mita 2,400 si mchezo, damu inabadilika, Wazungu wanalipa hela nyingi kuja kulala huko, Mo Farah mwenyewe, yule bingwa wa Uingereza, amekuja, kuna kambi aliyofungua mkimbiaji Lornah Kiplagat watu wanajaa mwaka mzima. Lakini Molo iko juu. Limuru iko juu. Kuna shule ngapi ziko juu na hazijatoa hata bingwa wa kaunti? Na hao vijana wa Iten wenyewe walikuwepo kabla ya 1976, hewa ilikuwepo tangu Mungu alipoiweka, mababu zao walikuwa wanateremka na kupanda lile bonde na mbuzi. Hewa haikujua kwamba kijana fulani anafaa 800 na si 400. Alijua mtu, na alijua kwa sababu alikuwa amemtazama muda mrefu.

Na uwanja je? Kamariny, ule uwanja wa Iten, ulikuwa wa udongo. Udongo mwekundu tu, mvua ikinyesha matope, jua likiwaka vumbi, na mabingwa wa dunia walikuwa wanafanyia mazoezi hapo wanagombania njia na ng'ombe. Baadaye ukafungwa ili ujengwe wa kisasa, na miaka ikaenda, na wakimbiaji wakarudi barabarani. Kwa hivyo msinione kama naichukia tatani, nawaambia tu kwamba dhahabu hizo zote nimezitaja zilianzia kwenye udongo.

Wasichana msidhani nimewasahau. Hii sehemu naiona kubwa kuliko ile ya Rudisha na haitajwi sana. Msimu wa riadha shuleni ni mfupi, wiki chache za muhula mmoja, halafu mtoto anarudi nyumbani, na mtoto wa kike akirudi nyumbani kipindi kile kulikuwa na maji ya kuchota, kuni, wadogo wa kubeba, na wakati mwingine mchumba. Bruda akaanza kambi za likizo mwaka 1989, Aprili, Agosti, Disemba, na akaita wasichana. Kambi yenyewe haikuwa ya kifahari, ni vitanda vya bweni na ugali na chai. Kwenye zile kambi wakapita kina Lydia Cheromei, ambaye mwaka 1991 alishinda mbio za nyika za vijana za dunia kule Antwerp akiwa na miaka 13, nyinyi wa fomu wan mna miaka mingapi? Akapita Sally Barsosio, mwaka 1997 akawa mwanamke Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mbio za uwanjani, mita 10,000. Na baadaye Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa 800 mwaka 2007. Kabla ya hapo ukisema mkimbiaji Mkenya watu wanaona mwanaume.

Na mazoezi yake nitawaambia, nimeyaona mwenyewe nilipopeleka vijana wangu huko. Nilibeba daftari. Nilikuwa na kalamu mbili, nilijua narudi na siri. Asubuhi tukaenda, baridi inakata masikio, na vijana wakaanza kukimbia pole pole, jamani pole pole hadi mimi ningeweza kuwafuata, wanaongea, wanacheka. Halafu wakasimama kwenye nyasi wakafanya mazoezi ya kunyoosha mwili, kuinua magoti, kupanga mikono, kukaa wima, mdundo, mdundo, rudia, mdundo. Saa nzima. Nikamuuliza kijana mmoja, mbio zenyewe zinaanza saa ngapi? Akaniangalia akasema, mwalimu, si ndo hizi. Daftari langu siku hiyo lina mistari minne.

Sasa niwaambie kwa nini nimekubali kuja hapa, manake sio kwa ajili ya kuwasomea orodha ya medali.

Niliwahi kufundisha shule moja, sitaitaja na msijaribu kukisia. Shule ya karo, nzuri, ina basi lake. Prinsipo alitaka vikombe. Alikuwa amejenga kabati la kioo pale mapokezi na lilikuwa tupu, kila mgeni akiingia anaona kioo na vumbi. Basi katikati ya mwaka wakaletwa vijana watatu kutoka shule nyingine za mlimani, karo bure, sare bure, viatu vya spaiki vipya. Mmoja wao aliwekwa fomu ya pili na alikuwa na ndevu kunizidi. Nikapewa wiki sita. Na mimi, hapa ndipo aibu yangu ilipo, mimi niliwakimbiza. Asubuhi na jioni, saa mkononi, kila siku haraka kuliko jana, kwa sababu hata mimi nilikitaka kile kikombe, nilitaka jina langu lisomwe paredi. Tukashinda. Picha tukapiga. Kabati likapata vikombe viwili.

Msimu ukaisha na yule kijana mwenye mbio zaidi akaanza kulalamika mguu. Mimi nikamwambia apumzike, nikarudi kwenye jiografia yangu. Muhula uliofuata karo ya bure ikawa haiko tena, ofisi inasema mpango ulikuwa wa msimu, akarudishwa kwao kabla hajafanya mtihani wowote. Nilimkuta miaka mingi baadaye stendi ya matatu anaendesha bodaboda, akanibeba bure, akakataa pesa zangu, akaniuliza mwalimu bado unafundisha? Anachechemea. Hakunilaumu hata neno moja na ningependelea anilaumu.

Kwa hivyo nikisikia shule inataka kuwa kama Iten nauliza Iten gani. Ile ya picha ya London, au ile ya mtu amesimama kwenye baridi na watoto ambao wengi wao hawatashinda chochote? Kwa sababu hiyo ndiyo hesabu yenyewe, bruda amepitiwa na vijana mamia kwa mamia na tunaowataja ni kumi na kitu. Wale wengine wamekuwa walimu, wakulima, askari, mapadri wengine. Walikula chai ile ile na mdundo ule ule.

Pale ndani ya St. Patrick's kuna miti. Bingwa akirudi anapanda mti, na unawekwa kibao chenye jina. Ukitembea unasoma majina huku unapita kwenye kivuli, na mingine imekuwa mirefu sasa unainua shingo. Nilisimama hapo muda mrefu na vijana wangu, na mmoja wao akauliza swali zuri, akasema mwalimu mbona hawakujenga sanamu? Nikamwambia sijui. Lakini nikaona wanafunzi wa pale wamekaa chini ya mti mmoja wanafanya hesabu, daftari limewekwa kwenye goti, na wala hawaangalii kibao ni cha nani.

Mimi kabati la kioo sijaliona pale. Labda liko, sikuzunguka kote.

Kuna jambo jingine linaniumiza na siwezi kuondoka bila kulitaja, hasa kwa vile siku hizi kuna pesa kwenye mbio kuliko wakati wetu. Dawa. Nchi yetu imefungiwa wanariadha wengi mno, na ukifuatilia utakuta mengi yanaanza na haraka, mtu anataka matokeo msimu huu, meneja anataka, familia inataka jumba, na mtu mmoja duka la dawa anasema iko sindano ndogo tu. Mtoto anayefundishwa tangu fomu wan kwamba thamani yake ni kikombe cha muhula huu, akifika miaka 23 na sindano iko mbele yake mtamwambia nini? Mmemfundisha nyinyi wenyewe kuharakisha.

Fadha, ule mchoro pale ofisini ni mzuri. Lakini nimeuliza kidogo hapa na pale tangu nifike, na nimeambiwa katika miaka mitano mmekuwa na walimu wa michezo wanne. Wanne! Huyu wa sasa yuko hapo nyuma, kijana mzuri, nimeongea naye, ana mkataba wa mwaka mmoja na anafundisha vipindi 28 kwa wiki na ndiye msimamizi wa bweni. Tatani itakaa miaka kumi na atakayeitumia atakuwa ameshaenda. Ningekuwa nyinyi, na najua si mimi, hiyo pesa ya harambee kipande chake kidogo tu kingempunguzia huyu kijana vipindi na kumpa mkataba wa kueleweka, nyumba ndogo hapo nyuma ya kanisa, halafu mnamsahau. Msimuulize vikombe mwaka wa kwanza. Wa pili msimuulize. Wa tatu mnaweza kumuuliza majina ya watoto, kama anawajua wote na wanavyokanyaga.

Mama mmoja pale mbele naona anatikisa kichwa, anasema mwalimu mtoto wangu ako fomu thrii hana miaka mitatu. Ni kweli mama. Mtoto wako pengine hatakuwa Rudisha, na hata tukiweka tatani kesho asubuhi hatakuwa Rudisha. Lakini anaweza kumaliza hapa anapenda kukimbia na magoti yake yote mawili mazima, na hiyo si kitu kidogo, waulize wazee wenzangu hapa nani bado anaweza kukimbilia matatu.

Haya, naona sufuria zinafunguliwa na nimeshapoteza nusu ya watu. La mwisho. Mimi nakaa hapo chini, ukipita soko la mitumba ni geti la buluu la pili, sina kazi asubuhi zaidi ya kuku. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nitakuwa hapo goli la chini, na mwalimu wenu amekubali kuja. Yeyote aje, mwenye mbio na asiye na mbio, wasichana na wavulana, msilete spaiki na msilete saa, leteni sweta. Tutakimbia pole pole. Wakitokea watatu nitakuja Jumamosi inayofuata, akitokea mmoja nitakuja pia.

Karibuni chakula. Padri atabariki.